Kamba za Mlingoti wa Kati

Jumatatu, 5 Mei

Likizo ya mwanangu imesogezwa tena! Mara ya tatu hii. Ujumbe tu: jumba la makumbusho analofanyia kazi limepokea merikebu nane ndogo za mbao, kuukuu, zote za kutengenezwa, na msimamizi wake hamwachii mtu mwingine kazi hiyo. Sawa. Wangempa nani mwingine? Karakana nzima ile, watu wamesoma mpaka wameota vipara, lakini uzi ukikatika anaitwa binti yangu. Vidole vyangu vile. Baba yake hata balbu inamshinda.

Na merikebu yake mwenyewe ipo palepale, meza ya sebuleni, mwaka wa pili. Mbao za ubavu alizikunja kwa mvuke wa birika langu. Milingoti mitatu imesimama, haina hata uzi mmoja. "Usiguse, mama. Nikija likizo nitaifunga kamba." Sijagusa. Vumbi nafuta kwa brashi ya poda.

Leo jirani mwenye saluni kaja kupunguziwa gauni, kaitolea macho. "Shosti, hiyo meli itang'oa nanga lini?" Nikamwambia mwezi huuhuu. Limenitoka tu.

Jumatano, 7 Mei

Nimegusa.

Kwani nini? Uzi ni uzi. Miaka thelathini na moja nipo kwenye cherehani! Nimekunjua ramani yake. Kuna vifungo vidogo vya mbao kando ya ubavu, vina matundu matatu. Matatu! Maisha yangu yote nimeshona vya mawili na vya manne. Kamba inatoka juu ya mlingoti, inashuka, inapita kwenye kifungo, inavutwa. Nimeupaka uzi nta. Nimeanza na mlingoti wa kati, upande wa kulia, kamba zote sita — nimevuta mpaka ukizigusa zinalia. Fundo mara mbili, kata kwa wembe. Unamaliza pindo la upande mmoja ndipo unageuza, kazi ndivyo ilivyo.

Baba yake kasema hata kiwandani hawawezi. Naliandika hili lisije likapotea.

Alhamisi, 8 Mei

Mlingoti umelala! Umeinamia kulia kama mlevi aliyeona ukuta. Baba yake ati labda ndivyo unavyokuwa ukipigwa na upepo. Nimemtuma dukani.

Mwanangu nitamwambiaje?

Jumamosi, 10 Mei

Nimempigia simu ya video. Yuko karakana, peke yake, Jumamosi wenzake hawaji. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikasogea pembeni aone mwenyewe. Nikangoja kelele.

Kacheka mpaka kafuta macho! "Mama, umepiga pindo. Hizi zinakwenda kwa jozi. Moja kulia, moja kushoto, zivutane. Na fundo la mwisho hulifungi mpaka zote zimelingana."

Nikafumua zote sita. Tukafunga jozi mbili. Masaa mawili mazima! Siku zote ni mara moja kwa mwezi, dakika kumi, mama huku kuna kelele, mama nitakupigia. Leo kaniuliza mpaka habari za goti langu. Nimeona shingo imemkonda. Nimeona kovu jipya kwenye kidole gumba, sikuliulizia. Kasema Jumamosi ijayo, saa hizihizi.

Jumamosi, 17 Mei

Zimefika jozi nne. Nilivaa kilemba kipya. Yeye chai yake kule, mimi yangu hapa, kama tupo meza moja. Tumewasengenya shangazi zake wote, hakubaki mtu.

Kisha kaniambia: "Mkono wako umeiva, mama. Wiki ijayo tunaumaliza huu. Ile miwili utafunga mwenyewe, huna haja na mimi."

Sifa gani hiyo! Kutoka kwa fundi wa makumbusho! Nimemsimulia mwenye saluni, nimemsimulia muuza duka, na mteja mmoja ambaye hata simjui.

Huna haja na mimi.

Chai yangu sikuimaliza.

Jumanne, 20 Mei

Nimefumua jozi mbili.

Jumamosi, 24 Mei

Nikamwambia zimelegea zenyewe, joto hili. "Hutokea, mama." Kaamini. Tukazirudia. Tumeishia nne, palepale.

Baba yake alikuwa mlangoni na gazeti lake. Baadaye kaokota wembe chini ya meza, kaufuta, kauweka juu ya cherehani. Kisha kaendelea kusoma.

Ijumaa, 30 Mei

Leo nimefumua tatu. Imebaki moja. Mwenye saluni kaja kuchukua gauni lake: "Shosti, kila siku nakukuta unafunga, mbona meli inazidi kuwa uchi?" Nikacheka kumzidi.

Jumamosi, 31 Mei

Naandika kwa mkono mmoja. Simu iko wazi mbele yangu.

Nilimwambia zimelegea tena. Kaniambia nisogeze simu. Karibu zaidi. Zaidi.

"Mama, mimi kazi yangu ni kutazama mkono wa mtu ulipopita. Uzi uliolegea hauna ncha safi hivi. Huu umekatwa na wembe."

Nikasema nta za siku hizi mbovu.

"Zote tatu, mama?"

Nikasema na macho yangu nayo yamezeeka.

Yeye akawa anabanabana kibano chake, fungua, funga. Tangu mdogo, akitaka kulia lazima mkono uwe na kitu. Akauliza, "Nikija, utaacha kufumua?"

Nikamwambia milingoti ipo mitatu.

Kacheka, kidogo. Halafu kageuza shingo. "Msimamizi kaja, nasikia viatu vyake. Shika hiyo kamba, mama. Usifunge. Na simu usikate." Katoka.

Sasa naona kiti chake. Kwenye mgongo wa kiti kuna sweta niliyomfumia mimi, kiwiko kimeliwa. Nyuma ya ukuta kuna sauti mbili. Maneno siyashiki. Yake iko juu kuliko ya msimamizi — hiyo sauti nayo ni yangu. Nimesikia "mama" mara moja. Nimesikia "mara ya tatu."

Uzi uko kati ya vidole, ganzi inaanza. Mlingoti unataka kuinama kulia. Baba yake kaja nyuma yangu, kapitisha mkono wake mnene ule, kaushika uzi wa kushoto. Sikumfundisha. Kauvuta polepole mpaka mlingoti ukasimama wima, na hapo kaganda, hapumui.

Sauti zimenyamaza. Viatu vinarudi — vya mtu mmoja. Kiti bado kitupu, na uzi hatuuachii.