Meza ya Jiwe la Mama

Ikungi,
Februari 1957

Kwa mdogo wangu Damari, Manyoni,

Salamu zangu zikukute umekaa, usije ukaanguka kwa wingi wake. Shikamoo yako nimeipokea kwa yule dereva wa lori la karanga. Marahaba, mdogo wangu. Mumeo mpe pole ya kikohozi, mwambie apunguze tumbaku, na asiposikia mwache akohoe. Binti yako Redempta naye hajambo? Ameanza kunenepa, au bado ni fito kama alivyokuja msiba wa kaka?

Huku tu wazima, ila mvua imetucheka. Ilikuja tukapanda uwele, ikaona tumefurahi, ikaenda zake. Mimi siumwi, Damari. Nimechoka tu, kama kamba ya kisimani. Anayeandika hapa ni Raheli, binti wa mwanangu Zefania, anayesoma shule ya kati na kulala hukohuko. Nyumbani huja Jumamosi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Umeniuliza tena habari za jiwe la kusagia. Sijasahau maneno ya mama. Alisema jiwe likae kwangu kwa kuwa mimi mkubwa, lakini siku magoti yangu yatakapolikataa liende kwako, tusingoje nife kwanza. Kila mwaka unaniuliza kwa adabu, na sasa unalitaka kwa ajili ya Redempta anayeolewa. Kila mwaka nakujibu kwamba bado nasaga. Ngoja basi nikueleze yaliyotokea, usinikatize.

Mwalimu wa akina Raheli, Simeoni, aliwagawa wanafunzi watatu watatu. Akawaambia waende majumbani, watazame kazi inayowachosha watu, kisha watengeneze kwa mikono yao kitu cha kuipunguza. Kitakachopendeza, Bwana Shamba atakipeleka kwenye maonyesho ya Singida baada ya Pasaka. Raheli akaniletea wenzake, Yeremia na Lazaro. Wakaniuliza ninachoka wapi. Nikawaambia ninachoka na maswali. Hawakuondoka! Watoto wa siku hizi ukiwafukuza wanadhani unawakaribisha. Wakasema wanataka kutengeneza meza ya kuwekea jiwe, mwanamke asage bila kupiga magoti, na wakaomba wanione nikisaga wapate kunipima.

Nikasema nina homa. Nikamwita Lea, mke wa Zefania, asage yeye kwenye jiwe langu. Wakampima Lea kwa kamba, kiuno na mikono. Unamjua Lea, mrefu kama mtama wa shamba la samadi.

Mwezi mzima hawakuniacha nipumzike. Yeremia alitaka miguu mitatu, kwa kuwa sakafu ya nyumba zetu haiko sawa. Lazaro alitaka minne, akisema meza ya miguu mitatu ni kigoda kilichojisahau. Wakanuniana. Kila mmoja alikuja kwangu kivyake kumsema mwenzake, akala viazi vyangu, akaondoka. Raheli ndiye aliyewapatanisha: miguu mitatu ya Yeremia, na kingo za Lazaro za kuzuia unga usimwagike. Mbao walichonga za mninga. Nilipoipapasa meza ile, ilikuwa laini kama shavu.

Siku ya kujaribu mwalimu akaja, na majirani wakajaa. Mwalimu akasema mwenye jiwe ndiye asage. Nikasimama. Damari, meza ilinifika kifuani! Nikasukuma jiwe la juu, mikono ikapepea, uwele ukamwagika, kuku wakashukuru. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu akasema wamemtengenezea twiga. Wale wavulana wakamgeukia Raheli, kwa kuwa kamba alishika yeye, wakamwambia amewaharibia kazi. Na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikasema watoto wa sasa hupima kwa macho ya usingizi. Raheli aliinama akaokota uwele.

Jumamosi iliyofuata alikuja peke yake. Akasema amefikiri kwamba mtu anaweza kusaga ameketi, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza ukutani. Akaniomba nikae kwenye kigoda anipime, kwa majaribio tu. Nikakaa. Akarudi kwa wenzake, wakakata miguu ya meza, wakaiinamisha kidogo upande wa mbele. Sasa jiwe liko juu yake, nami nasaga. Unga una chenga, na mabega yananiwaka moto jioni, lakini ni unga wangu.

Sasa sikia, na wewe Raheli andika. Magoti yangu yalikufa tangu mavuno ya mwaka juzi. Sipigi magoti kwenye jiwe, wala kanisani. Huwa nainamisha kichwa, watu wanadhani nimezama katika sala. Lea ndiye aliyekuwa akinisagia kwake alfajiri na kuniletea unga chini ya khanga, kama mtu aliyeiba. Sikuwa na homa siku ile. Niliogopa watoto wakiona, habari ikufikie, uje uchukue jiwe, mimi nibaki mwanamke wa kuletewa. Kamba ya mtoto huyu haikukosea.

Nilitarajia mkono wake unaoandika usimame hapo, haukusimama. Nimemuuliza. Anasema alijua. Siku ile nilimtuma atandike ngozi mbele ya jiwe, pale penye vishimo viwili vya magoti ya mama na yangu. Katika kimoja alikuta kuku wangu ametaga. Akajua kwamba goti haliingii pale siku nyingi. Akanyamaza, akampima mama yake kama nilivyotaka, na matusi ya wenzake akayabeba ili mimi nisiaibike. Na yai, mwizi huyu, alilitia mfukoni akala.

Jumatatu nitakwenda naye shuleni polepole, na fimbo. Nitawaambia mwalimu na wale wavulana mbele ya darasa kwamba kosa lilikuwa langu. Anakataa, hajaulizwa.

Damari, jiwe ni lako. Limekuwa lako tangu mwaka juzi, na nisamehe. Lakini nakuomba uliache mpaka maonyesho yaishe, maana meza bila jiwe watoto watamwonyesha nini Bwana Shamba? Naomba kwa ajili yao. Hapana, futa hiyo, Raheli. Naomba kwa ajili yangu. Nataka miezi hii nile unga wangu.

Baada ya hapo njoo na Redempta, na meza mchukue pia. Wewe nawe magoti yako nayafahamu, yalianza kulia kabla ya yangu. Nitawakaribisha kwa ugali, na nitausaga mwenyewe nimeketi. Vile vishimo vibaki. Kuku amekwisha kuvizoea.

Nisalimie shemeji, nisalimie wote wa hapo stesheni wanaonikumbuka, na asiyenikumbuka msalimie pia, aone haya.

Ni mimi dada yako, nimebandika kidole,
Stumai