Pesa ya Matanga Nilinunua Udongo

Papa Neema, bwana yangu,

Kaka yako mkubwa, Papa Justin, anapita kwa watu akisema nimekuaibisha huko uliko. Basi nimeona nikuandikie mwenyewe, usije ukasikia habari ya upande mmoja. Ni kweli, ile pesa ya kumaliza matanga yako haiko tena. Niliitumia, na sijuti hata kidogo.

Unakumbuka tulivyokuwa tunapanga pesa kule Katindo? Ukirudi na lori kutoka Bunagana, kabla hata ya kuoga, ulikuwa unamwaga franga zote kitandani na kuniita. Fungu la kodi, fungu la chakula, fungu la masomo ya Neema, fungu la makala ya kupikia. Na kila mara fungu la makala lilikuwa linapungua lenyewe! Nikikuuliza, unajibu, "Ni panya, Mama Neema." Panya gani huyo anayerudi nyumbani ananuka bia? Tulikuwa tunacheka mpaka mtoto anakuja kuchungulia mlangoni. Ninakukosa sana, wee mwanaume. Hilo niliseme kwanza, kabla sijakasirika.

Ulipokufa, kodi ya Katindo ilinishinda. Nikachukua Neema na vyombo, tukahamia kwenye parsele yetu, kile kiwanja chetu wenyewe, ndani ya ile nyumba ya mbao uliyoiacha haina hata dari. Wewe ulikuwa unasema tukifika kwetu tutapumua, hakuna tena mwenye nyumba wa kutugongea. Hapo ulinidanganya, mpenzi. Kule bomba lilikuwa uani, hapa maji ninanunua bidoni kwa bidoni. Makala ninanunua, mboga ninanunua. Na kiwanja chote ni mawe ya volkano, yanakata miguu, huwezi kuotesha hata kitunguu kimoja. Faida ya maharagwe ninayouza sokoni ilikuwa inaishia yote kwenye sufuria. Neema akafukuzwa shuleni juu ya kukosa minervali, ile ada ya shule, akawa anashinda nyumbani ananiangalia tu.

Ndipo nikaikumbuka ile pesa. Nilikuwa nimeiweka kando tangu tulipokuzika, kwenye franga ulizoacha, ya mbuzi na bia, kama ukoo wako ulivyoagiza. Watakula siku moja, watakusifu, wataondoka. Na kesho yake mtoto wako anakula nini? Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kumtafuta mwenye lori la udongo.

Ndiyo, udongo. Najua unacheka. Wewe mtoto wa Kalengera, kwenu mtu akitupa kokwa la avoka linaota. Ungeniuliza, "Tangu lini mutu ananunua udongo?" Hapa unanunuliwa, bwana! Lori liliumwaga barabarani, wasukuma chukudu, ile mikokoteni ya mbao ya magurudumu mawili, wakaupandisha kwa magunia mpaka mlangoni. Mimi na Neema tulipanga mawe, tukajenga kuta fupi, tukajaza udongo ndani, tukapanda mboga, lengalenga na vitunguu vya majani. Majirani walikuwa wanasimama kwenye uzio na kunitania, "Mama Neema, unazika nani tena?" Leo ni haohao wanaokuja asubuhi kununua mboga kwangu. Sisi wenyewe tunakula, nyingine tunauza, na Neema amerudi shuleni.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Papa Justin alikuja na wazee wawili wa ukoo. Niliwapa bugali na lengalenga. Wakala, wakaomba nyongeza, nikawaongeza. Ndipo akafuta mdomo, akaanza.

"Shemeji, franga ya ndugu yangu umeimwaga ku mawe. Sasa utarudi Kalengera na mutoto. Nyumba tutaipangisha, na pesa yake nitaisimamia mimi."

"Juu ya nini?"

"Juu ungali ndani ya matanga. Hiyo nguo nyeusi ni sisi tu tunaweza kukuvua. Bila mbuzi, bila bia, hatukuvui. Na mwanamuke wa matanga hana neno ndani ya nyumba."

Sitakuficha, niliogopa. Najua ni desturi. Lakini hapohapo nilimkumbuka mama yako, ambaye ulinisimulia jinsi alivyokaa na nguo nyeusi miaka na miaka, akingoja mbuzi ambaye hakuna mtu aliyekuwa na uwezo wa kumnunua, huku wengine wakilima shamba lake na kuuza mavuno yake. Ulikuwa unasimulia kwa hasira. Siku moja ulinishika mkono ukaniambia, "Weye, usikubali." Basi, sikukubali.

Niliingia chumbani. Nilipotoka nilikuwa nimevaa kikwembe cha kijani, na ile nguo nyeusi nimeikunja vizuri. Nikaiweka magotini kwa Papa Justin. Mzee mmoja akasema, "Yesu wangu!"

Nikamwambia, "Shemeji, hii ni ya ukoo, mwende nayo. Nyumba ni ya mimi na Neema. Na pesa yake nitaisimamia mimi, kama nilivyosimamia hiyo mboga mumekula."

Papa Justin aliinuka na ile nguo mkononi. Walitoka bila kuniaga. Tangu hapo wananisema mjini kote, eti sina haya, eti sikukupenda. Waseme. Mimi niliyekugeuza kitandani ulipokuwa mgonjwa, mimi niliyekulisha uji kwa kijiko, leo nije nifundishwe kukupenda na watu waliokuja siku ya maziko?

Kama nimekukosea, bwana yangu, nitakueleza mwenyewe siku nitakapokufuata. Lakini usiningoje upesi. Nina bustani ya kumwagilia na mtoto wa kusomesha.

Mimi bibi yako,
Mama Neema