Nanunua Pedi za Breki Zinazoisha Haraka

Mpendwa Shangazi wa gazetini,

Nakuita Shangazi kama wote wanaokuandikia ingawa huenda umri nimekuzidi, na nakuomba usiitupe barua hii ukiona inaanza na mambo ya gari, najua wewe umezoea ya wakwe na ya ndoa, lakini sina mwingine wa kumuuliza, na nikimuuliza fundi wangu nitakuwa nimejivua nguo mbele yake.

Swali ni hili. Nina gari zito la viti safu tatu, tulilinunua wakati watoto wote wako nyumbani na mama yao yuko hai, na sasa diski za breki za mbele zimeliwa na pedi nazo zimekwisha, natakiwa nichague ama diski nene na pedi imara zinazostahimili joto, ambazo ndizo zinazofaa gari la uzito huu na zinadumu, ama niendelee na zile pedi laini za bei ya chini ninazozifunga siku zote, ambazo hukawii kuzimaliza. Najua utasema hilo nalo ni swali? Ngoja nikueleze.

Mimi ni mpimaji ardhi mstaafu. Mke wangu alifariki, watoto wana miji yao na wananipigia simu, siwalaumu, ila simu zenyewe ni "Baba umekula? Umelala salama? Haya Baba, niko kazini," na hapo imekatika kabla sijafikiria la kusema. Nyumbani nimebaki na redio, na redio haijibu. Siku moja jioni mtu alinipigia kwa kukosea namba, nikafungua mdomo kumwambia amekosea, sauti ikatoka imekwaruza, ndipo nikatambua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimesema neno. Nilitamani asikate.

Sasa kuna gereji si mbali na kwangu, ya fundi mmoja wanayemwita Bonge ingawa ni mwembamba ajabu, na pale chini ya mabati pana benchi la mbao, ukifika anafuta mikono, anakumiminia chai, halafu anakuuliza, "Mzee, leo gari linasemaje?" na anasubiri jibu, Shangazi, anasubiri kweli, ameinamisha kichwa upande mmoja kama daktari, nami namweleza breki inalia wapi na usukani unatikisika vipi, huku fundi wa rangi na fundi wa umeme wakibishana mpira na kunitaka mimi niwe refa wao. Nikitoka pale ni mchana mzima umepita na sikuuona.

Mara ya kwanza pedi za bei ya chini nilizifunga bila kujua, zikaisha upesi, nikarudi gereji na nikafurahi kurudi. Ya pili nilijua. Tangu hapo naenda mwenyewe duka la spea, muuzaji ananiambia hizi hazifai gari lako, zinaingia lakini mzigo haziwezi, namwambia nipe hizo hizo, na Bonge akiniuliza namwambia pensheni haitoshi, jambo ambalo si kweli. Ikifika siku breki imeanza kulia, wenye magari wengine hukasirika, mimi navaa shati safi.

Hayo yangebaki kichekesho changu mwenyewe kama si siku ile. Nilikuwa nateremka kuelekea sokoni, mbele pana kivuko cha waenda kwa miguu, mama mmoja anavuka na mtoto mgongoni, nikakanyaga breki, pedali ikatetemeka chini ya mguu na gari halikusimama, likaendelea kuteleza hadi katikati ya kivuko, yule mama akaruka na mkono wake ukagonga boneti. Akanitazama akasema, "Baba, ulitaka kutuua?" Hakupiga kelele, aliniuliza tu kama mtu anayetaka kujua. Lakini kinachoninyima usingizi si hicho, Shangazi, ni kwamba kabla hata hajamaliza kuvuka nilijikuta nawaza: leo nina la kumweleza Bonge.

Nilikwenda polepole hadi gereji. Akafungua gurudumu, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa diski, akanionyesha ilivyoliwa na mabaka ya buluu yaliyotokana na joto. Akasema, "Mzee, gari hili ni nyumba inayotembea. Hizi pedi zako zinaungua na diski zinaungua nazo. Funga diski nene na pedi za maana, mwaka mzima hutaniona." Akacheka, wenzake wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni niliumia kama mtu aliyefukuzwa. Nikasema nitafikiria, nikalirudisha gari uani kwa mwendo wa kinyonga.

Shule zikifungwa binti yangu anamleta mjukuu, nami ndiye wa kuwapokea stesheni, na barabara ya kutoka stesheni ni mteremko mtupu. Zamani mke wangu akikaa kiti cha mbele, kila kona alikuwa akikanyaga breki yake isiyokuwepo, hadi zulia la upande ule limelika. Huwa naliangalia zulia lile nikiwa peke yangu ndani ya gari. Nawapenda wanangu. Lakini nikifunga zile zinazodumu, nitakwenda wapi?

Ni mimi,
Mwenye Gari Zito

*

Mwenye Gari Zito,

Pole, Baba yangu. Pole kwa mkeo, pole kwa nyumba iliyonyamaza, pole hata kwa yule aliyekosea namba akakata. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikavuta kiti. Pole hiyo ameitoa Shangazi. Sasa nikugombeze.

Yule mama alikuwa anavuka barabara na mwanawe mgongoni. Hakuomba awe hadithi ya kunogesha chai yako. Ulikuwa na shida ya mtu wa kuongea naye, na kidogo umwachie mume wa mtu nyumba tupu kama yako. Ulipofika kwenye hilo wazo lako la "leo nina la kumweleza Bonge" ulishtuka, na umefanya vizuri kushtuka, umefanya vizuri pia kuliandika. Usilisahau, lakini lisikuzuie kufanya linalotakiwa kufanywa.

Gari lisitoke hapo uani, hata kwenda dukani. Mpigie Bonge aje na jeki yake alifungie hapo hapo. Mimi breki sizijui, kwa hiyo nimemuuliza fundi wa magari ya ofisi yetu, naye alipolisikia gari lako alishika kichwa. Anasema gari zito likisimama joto ni jingi, na joto hilo lazima lipate pa kwenda, kwa hiyo chukua diski nene zenye nafasi katikati ya kupitisha hewa, za kushoto na za kulia kwa pamoja, usije ukabadilisha upande mmoja. Usifunge pedi mpya juu ya diski zilizoliwa. Pedi ziwe zile zilizotengenezwa kwa gari la familia lenye uzito huo. Wala usikimbilie zile ngumu kupita kiasi za watu wa mashindano, hizo hazishiki mpaka zipate moto, na wewe hushindani na mtu. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huandikwa kwenye diski yenyewe, na wewe uliyepima mashamba ya watu maisha yako yote, usiniambie huwezi kuupima. Siku za mwanzo kanyaga taratibu kwenye barabara tupu, mpaka pedi na diski zizoeane. Ukiridhika ndipo uende stesheni, na kama hujaridhika, wakodie teksi.

Hayo ni ya gari. Sasa yako.

Unamwona Bonge amekufukuza. Hebu fikiri, Baba. Fundi anayetafuta hela angenyamaza aendelee kukufungia hizo takataka zako mwezi baada ya mwezi, na chai angekuwa ameshakukatia siku nyingi. Yeye amekwambia ununue kitu kitakachokuweka mbali na gereji yake, kwa sababu anataka uishi. Kicheko chake ndicho kilichokuziba masikio. Na huyo mkeo aliyekuwa akikanyaga zulia, unadhani alikuwa anafanya nini? Alikuwa anataka mfike. Ungethubutu kumfungia yeye hizo pedi?

Binti yako akija, usimpe ile "mimi sijambo" ya kwenye simu. Mwambie kwa mdomo wako, "Mwanangu, mimi ni mpweke." Hilo neno halijamuua baba yeyote ninayemjua, na yeye hawezi kulijua ukiwa unamficha. Mwombe akupigie siku ambayo hayuko kazini, na wewe pia piga, vidole unavyo. Siku wakiwa kwako, wapitishe pale gerejini wasalimie. Mjukuu atapenda jeki.

Wakishaondoka nyumba itanyamaza tena, sitakudanganya. Siku hiyo hiyo vaa shati lako safi uende gereji. Gari liache nyumbani, nenda kwa miguu, usiwe na pa kujificha. Bonge atafuta mikono yake, atakuuliza gari linasemaje leo. Mwambie gari ni zima, halina hata kelele.

Mwambie, "Leo nimekuja mimi." Kisha kaa kwenye benchi.

Shangazi