Siriasi ya Daktari na Siriasi ya Bibi

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ziwa halionekani, na mawe ya mlima wetu huku Ilemela yanateleza hivi kwamba nimeshuka kwenda kazini viatu nimevishika mkononi. Sina hamu ya kuandika. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitalia tena, na kulia nako kunachosha.

Leo kidato cha pili walikuwa na kipindi cha vivumishi vya Kiingereza. Sipendi kufundisha vivumishi kwa kukariri, wanafunzi wanasinzia na mimi nasinzia. Nikachagua kivumishi kimoja tu, kile ambacho mtaani tumeshakifanya chetu kabisa: siriasi. Nikawaambia kila mmoja atunge sentensi kutoka nyumbani kwao, si kutoka kwenye kamusi.

Mmoja akasema mwalimu wa hesabu ni siriasi, hajacheka tangu aajiriwe. Darasa likaangua kicheko, nikajifanya sijasikia. Msichana wa mbele akasema dada yake amepata mchumba siriasi, maana ameshaleta washenga. Mwingine akasema mechi ya Jumamosi ni siriasi kwa sababu anayefungwa hatapita mtaa wa mwenzake mwezi mzima. Nikawa naandika ubaoni: uso usiocheka, nia ya kweli, jambo zito. Nakiri nilikuwa naona raha. Neno moja la wageni limemeza maneno yetu manne matano, na hakuna aliyelalamika.

Kisha mmoja wa nyuma akasimama, akasema mjomba wake alilazwa akiwa siriasi na hakutoka.

Chaki ikabaki mkononi. Nikawaambia wamalizie wenyewe kwenye madaftari, nikatoka nje kusimama kwenye baraza mpaka kengele ilipogongwa.

Bibi yangu, mama yake baba, amelazwa hospitali hapa mjini. Ana uvimbe tumboni. Wiki iliyopita daktari alituita pembeni, mimi na baba na baba mkubwa, akatuambia, "Hali ya mama ni siriasi." Kiswahili kina neno lake, mahututi, ila nadhani naye analiogopa kama sisi. Ukiambiwa mahututi unakaa chini. Ukiambiwa siriasi unabaki umesimama, unajiuliza ni siriasi kiasi gani. Daktari hakutuficha. Alisema Dar es Salaam wanaweza kujaribu kumpasua, lakini kwa umri wake na moyo wake hawezi kutuahidi kitu. Akasema pia kwamba tukiamua kumpeleka nyumbani, atatupa dawa za maumivu na kutuelekeza namna ya kumtunza.

Hilo la pili baba mkubwa hakulisikia. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa Bibi. Ameuza ng'ombe, amekata tiketi za ndege, amempata mtu wa kuwapokea Dar. Safari ilikuwa kesho mchana. Kama kuna mtu siriasi katika maana zote nilizoandika ubaoni leo, ni baba mkubwa, na nampenda kwa hilo.

Bibi mwenyewe wanawe wakimuuliza anajibu, "Ninyi ndio mmesoma, fanyeni mnavyoona." Basi wakaona amekubali.

Mimi na Bibi tuna lugha yetu. Kwetu bibi na mjukuu ni watani tangu siku mjukuu anazaliwa, na mimi ni mke mwenza wake. Mume wetu ni babu, aliyefariki nikiwa shule ya msingi na kuzikwa pale pale nyumbani Usagara, karibu na ua wa minyaa. Kifo hakikumaliza ugomvi wetu. Bibi husema babu alimpenda yeye kwa sababu mimi sijui kusonga ugali. Mimi humjibu kwamba babu alikuwa anakula kwa adabu tu. Nikiingia wodini hunipokea kwa sauti, "Huyo mke mwenza, amekuja kuangalia kama nimekufa amrithi mume!" Wagonjwa wa vitanda vya jirani wameshazoea, wengine hujiinua kwenye mito wasipitwe.

Jumapili alisema, "Mume wetu analala peke yake kule Usagara. Mimi nikipelekwa Dar, nani atamtandikia? Wewe mvivu." Wodi nzima ikacheka, hata nesi. Mimi nilicheka kuliko wote.

Juzi akasema tena. Tukacheka, kidogo.

Sasa, anayemjua Bibi anajua kitu kimoja: harudii utani. Ukimletea uliokwisha kuusema anakukatiza, anakwambia peleka kiporo chako kwa mbwa. Kila siku ana jipya, na kwa umri ule bado najiuliza anayatoa wapi. Jana usiku nililala na jambo hilo kifuani, nikaligeuza upande huu na upande ule, na asubuhi nikajiambia ni uzee tu, amesahau. Ukweli ni kwamba nilitaka uwe utani. Ukiwa utani, Bibi anapanda ndege, anapasuliwa, anarudi kunitukana ugali wangu. Usipokuwa utani, basi ananiaga, na mimi sijajiandaa kuagwa.

Baada ya vipindi leo nilikwenda moja kwa moja hospitali, nimelowa. Alikuwa amelala ubavu, amegeukia dirisha, nje mvua tupu. Nilimmiminia uji wa mtama niliompikia alfajiri na kuubeba kwenye chupa, akanywa vijiko vichache kuniridhisha. Amepungua sana, shingo yake sasa ni nyembamba kama ya mtoto. Mwanamke wa kitanda cha jirani alikuwa amelala, hakukuwa na mtu wa kuchekeshwa. Na bado akasema, polepole, bila ile sauti yake ya kuchokoza, "Mume wetu analala peke yake kule Usagara."

Mara ya tatu.

Nikamuuliza, "Bibi, uko siriasi?"

"Leo umesahau kuniita mke mwenza," akasema. Kisha akanishika mkono. "Mwanangu ameuza ng'ombe wake, Kabula. Nitamwambiaje aache kuniokoa? Mama hasemi hivyo kwa mwanawe. Wewe mtani wangu. Nimesema kwako."

Nikamkunjia shuka miguuni, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Jioni tulikaa sebuleni kwa baba mkubwa kupanga safari: yeye, baba, shangazi na mimi. Shangazi ndiye anayeishi na Bibi kule Usagara. Begi la Bibi lilikuwa mlangoni, limefungwa. Niliwaamkia, nikakaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kukimbia, na walipofika kwenye habari ya nani atalala naye hospitali huko Dar, nikasema Bibi hataki kwenda. Nikawaambia maneno yake yalivyokuwa.

Shangazi akatabasamu kwa uchovu. "Mama naye. Anatania tu, si unamjua."

Baba mkubwa hakutabasamu. "Kabula, hapa tuna jambo siriasi. Utani wenu uacheni wodini."

Kwetu mtoto hambishii baba mkubwa wake, na mimi sijawahi. Nikasema, "Baba mkubwa, nisamehe. Amesema mara tatu. Maneno yale yale."

Shangazi akaweka kikombe chini. Hakumtazama mtu. "Mara tatu?" akauliza. Nikaitika. Akamwambia kaka yake kwa Kisukuma, taratibu, kwamba mama hajarudia utani hata siku moja maishani mwake.

Baba yangu akainamisha kichwa. Yeye si msemaji, lakini niliona mabega yake yanashuka, nikajua naye alikuwa anasubiri mtu aseme.

Baba mkubwa akaniuliza mimi, si shangazi, "Kwa nini asiniambie? Mimi ndiye mwanawe wa kwanza."

Nikamjibu, "Ndiyo maana, baba."

Akatoka. Alisimama nje kwenye manyunyu, tukimwona mgongo tu kupitia mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. Akasema tutafute gari la asubuhi, liwe na siti ya nyuma pana, mama aweze kulala. Halafu akasema neno moja tu, "Usagara," akaenda kufungua begi lililokuwa mlangoni akaanza kutoa sweta alizomnunulia za kuvaa ndani ya ndege.

Nimepata nilichokwenda kukitafuta, na sina furaha hata chembe. Najua wapo watakaosema tulimwacha afe. Najua iko siku nitajiuliza mimi mwenyewe, pengine mara nyingi, kama pale Dar kulikuwa na daktari ambaye angeweza. Sitapata jibu. Nimechagua kumwamini Bibi kuliko hofu yangu, na hofu haijaondoka, iko hapa kitandani nami ninapoandika.

Shangazi alimpigia simu nesi wa zamu, naye nesi akampa Bibi azungumze. Aliposikia habari hakushukuru, hakulia. Alisema niambiwe nisijidai, mume bado ni wake.

Kesho nimeomba ruhusa shuleni. Kwenye gari baba mkubwa atakaa mbele na dereva, na ninavyomjua hatasema lolote njia nzima. Mimi nitakaa nyuma, kichwa cha Bibi kwenye mapaja yangu. Kazi yangu ni kumtania kutoka geti la hospitali mpaka nyumbani kwake, kila tuta la barabara, kila akikunja uso kwa maumivu, kwa sababu nikinyamaza atajua naogopa, na ataanza kunibembeleza mimi badala ya kupumzika. Nimejaribu kuandaa la kuanzia. Sijapata hata moja linalochekesha.

Mungu wangu, nipe utani wa kunifikisha Usagara.