Kipimo Kisichoingilia Mwili

Shoga, nimezimia kazini. Usipige simu, siwezi kuongea kwa aibu.

Unaijua ile hotuba yangu ya kila asubuhi kwa wagonjwa. "Kipimo kisichoingilia mwili maana yake hakuna sindano, hakuna kisu, hakuna kinachoingia ndani. Unalala tu, tunapitisha kifaa juu ya ngozi." Miaka tisa naisema. Leo nimemwambia hivyo yule fundi magari anayekimbia kipimo cha moyo kila akija.

Saa nne daktari akanisikiliza moyo, akasema mapigo yangu yanarukaruka, nami nikapimwe kipimo hichohicho.

Nikalala. Mpimaji akanipaka jeli kifuani.

Jeli, shoga. Kifaa bado hakijanigusa. Jeli tu, nikazimia.

Wakanitoa kwa machela, wakanipitisha mbele ya foleni nzima. Walikuwa kumi na wawili kwenye benchi. Kumi wakakumbuka wana shughuli nyumbani.

Nafumbua macho, fundi kasimama kando ya kitanda ananipepea kwa kipeperushi changu mwenyewe, kile ninachowagawia wagonjwa. "Hakuna kinachoingia ndani, sista." Taratibu, kama anambembeleza mtoto.

Kisha akaenda kupimwa yeye. Baada ya dakika kumi akarudi anafunga vifungo vya shati.

"Kweli hakiumi," akasema. "Kumbe miaka yote ulikuwa unasema kweli, ila ulikuwa hujui."

Kesho saa mbili narudi kulala pale. Hotuba atatoa fundi.