Uzi wa Swafiya

Gwiza, waache wageni kidogo, jifungie chumbani usome hii.

Niko hospitali na Swafiya, fundi wetu wa nguo kule Muhima. Vipimo vimetoka. Damu yake ina madini ya risasi. Risasi, Gwiza! Yale ya kwenye betri za gari!

Daktari alimuuliza, "Mama, unayeyusha betri?" Swafiya akacheka. "Mimi? Mimi nashona nguo za watoto."

"Basi unatia nini mdomoni?"

Kicheko kikamkatika. Mdomoni anatia uzi, kutwa nzima. Anaulamba ndipo aupitishe kwenye sindano, anaukata kwa meno. Na cherehani yake iko pale mlangoni, malori yanamfukizia, na nyuma ya ukuta wale jamaa wanaoyeyusha betri na moshi wao. Daktari anasema sumu inaruka na hewa, inatua popote. Lile vumbi la kijivu analofuta kila asubuhi alidhani ni vumbi tu. Miaka kumi na moja, yewe. Vumbi tu!

Nilikuwa nimemshika mkono. Akaniambia taratibu, "Na nguo natundika nje, wateja wazione. Zinakaa hata mwezi."

Kisha akaniuliza habari za lile gauni jeupe ulilonunua kwake.

Lile ulilokataa kulifua, Gwiza, ili leo kwenye ubatizo lionekane jipya. Nimeona status yako sasa hivi. Mtoto amelala nalo, kola yote iko mdomoni.

Mvue.