Lantana Kwenye Ua wa Mzee Gichuki

Jumatatu, 3 Machi
Lantana tena, kile kichaka kigeni cha miiba. Tangu asubuhi mimi na akina mama wa kikundi cha kutunza msitu tumeinama ndani ya msitu, jembe na panga. Ukikata tu, inachipua. Lazima uchimbe, ukate mzizi chini ya shingo ya shina, kisha utundike kisiki juu ya mti, mizizi ikitazama juu, kikauke. Kikigusa udongo kinafufuka. Mikono yangu imechanwachanwa. Wangechi, mwenyekiti wa kikundi, ananiambia eti siku hizi nanuka lantana kuliko mbuzi wake. Kweli nanuka.

Nyasi ikirudi, akina mama wataruhusiwa kuikata walishe ng'ombe. Ikirudi. Kwa sasa chini ya vichaka hakuna kitu. Udongo mtupu, hata mdudu huoni.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nilikaa kwenye jiwe nikatazama ndege. Wanakula matunda meusi kwenye ua wa Mzee Gichuki, wanavuka mpaka, wanatua kwetu msituni na kuacha mbegu. Ua wote ni lantana, mrefu kunishinda, umefuata mpaka wa msitu mwanzo hadi mwisho wa shamba lake. Sisi tunang'oa, ndege wanapanda.

Nilienda kumwona. Mkewe alifariki, anaishi peke yake na ng'ombe wawili. Alinipa chai. Nilipotaja ua akaweka kikombe chini.

"Hii ua ilipandwa na mama watoto. Nguruwe ya msitu haingii kwa viazi yangu. Sasa wewe unaniletea maneno ya ndege?"

Nimerudi na hasira. Shamba ni lake. Mimi ni askari wa msitu tu, mamlaka yangu yanaishia kwenye mpaka.

Jumanne, 11 Machi
Akina mama wamekuja wachache. Wengine wanasema kazi ni bure ule ua ukiwepo. Siwalaumu. Jua kali. Nyasi imeisha huku Endarasha yote, kila mtu anahangaika na chakula cha ng'ombe. Dada yangu amepiga simu kutoka Bungoma, anauliza nitaomba uhamisho lini nirudi nyumbani. Nikasema nitafikiria. Nimefikiria siku nzima.

Jumatano, 12 Machi
Mtamba wa Wangechi ni mgonjwa. Njaa ilimfanya akate kamba, akaenda akala majani ya ule ua. Lantana ni sumu kwa ng'ombe. Macho yamekuwa ya njano. Pale ngozi ilipo nyeupe inapasuka kwa jua, kama amemwagiwa maji moto. Ndiye ng'ombe wa pekee pale nyumbani. Wangechi ananoa panga. Namwogopa.

Ijumaa, 14 Machi
Siku mbaya, halafu siyo.

Asubuhi nilimkuta Wangechi kwenye ua wa Mzee na panga, anafyeka kama mwendawazimu. "Leo namaliza yote! Imelisha ng'ombe yangu sumu! Afande, niache!" Nikamshika mkono. Nguvu zake! Tukasukumana. Mzee akatoka ndani. Nilijua sasa ni matusi, labda polisi. Akatazama panga. Akatazama matawi chini.

"Ng'ombe iko wapi?"

"Iko kwa boma," Wangechi akasema. "Inakufa."

"Boma yako haina paa. Umeacha ng'ombe kwa jua? Toa kwa jua, wewe!"

Akatutangulia bila hata kuvaa koti. Tulimsukuma mtamba hadi jikoni kwa Wangechi, maana ndipo penye giza. Sufuria zikatolewa nje. Daktari wa mifugo alifika kutoka mjini Nyeri mchana, akamnywesha unga wa makaa ya dawa kwenye maji, akasema asitoke kivulini na apewe maji kila wakati. Mzee alishinda pale, ameketi kwenye kigoda, akifukuza nzi na tawi. Wangechi alimpelekea uji.

Jumanne, 18 Machi
Mtamba amekula! Kidogo, majani ya ndizi. Wangechi aliziba uso kwa leso akatoka nje. Mzee amekuja kila siku. Ua hakuna aliyeutaja, na mimi nimeuma ulimi. Leo alipokuwa akienda zake akasema, bila kunitazama:

"Nikitoa, nitaweka nini? Nguruwe haiogopi maombi."

Nimefurahi hadi nimekosa usingizi.

Jumapili, 30 Machi
Mvua. Hatimaye. Tulitoka kanisani tukalowa na hakuna aliyekimbia.

Kikundi kina miche ya mukawa kwenye kitalu. Mti wa hapa hapa, una miiba mikali, matunda yake watoto wanapenda. Nguruwe hapiti. Mzee ameikagua mche mmoja mmoja. Ameuliza itachukua muda gani kuziba mpaka. Nikamwambia ukweli, miaka. Kwa sasa tutamkatia nguzo kwenye miti ya shambani kwake, tuzungushe waya. Akaguna. Nimechukulia ni ndiyo.

Jumamosi, 12 Aprili
Tumeng'oa ua.

Akina mama wote walikuja, hata wale waliokata tamaa. Mzee akasema kisiki cha kwanza ni chake, kile cha karibu na lango, pale mkewe alipoanzia kupanda. Akakichimba peke yake. Anapiga jembe, anapumzika, anapiga. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa mkono. Kilipotoka alikitundika mwenyewe, akasimama pale. Kisha akasema, "Haya." Tukaingia kazini.

Nililia. Nachukia kulia nikiwa na sare.

Jioni Mzee alisimama barabarani akatazama kwake. "Kumbe nyumba yangu ni ndogo hivi," akasema. Wangechi akacheka. Na yeye akacheka. Mche wa kwanza wa mukawa waliupanda wawili hao.

Jumanne, 29 Aprili
Nimevunjika moyo. Mvua imeotesha mbegu za zamani. Msituni, kila tulipofyeka, miche ya lantana imejaa kama zulia. Kazi yote ile.

Wangechi akainama, akang'oa mmoja kwa vidole viwili. "Afande, si hii ni kama kupalilia mboga ya dania? Sasa inatoka na kidole. Ngoja ikuwe kubwa ndio utalia." Akaendelea na mwingine. Tukafuatana mstari mmoja, tukiongea mambo ya watu. Kufika mchana sehemu kubwa ilikuwa safi. Mbegu mpya haziji tena kwa wingi. Hizi za zamani zitaisha. Si mwaka huu. Lakini zitaisha.

Sijaandika barua ya uhamisho. Sitaandika.

Jumapili, 18 Mei
Leo si zamu yangu. Nimepanda msituni peke yangu. Mvua imetulia, ukungu unapanda mlima polepole. Nyasi imeota. Fupi, nyembamba, ya kijani kibichi, imeziba udongo pale ambapo mwezi wa tatu sikuwa na mahali pa kukanyaga kwa vichaka. Nilivua gambuti. Nikalala chali. Mgongo ukalowa, nywele zikalowa. Mahali fulani juu mbega walikuwa wakiitana. Sikuwa na haraka ya kuinuka.